Mpira uko wapi? Historia fupi ya picha yenye chenga

Najua nimepotea. Testi zilifuatana, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Sasa nimerudi, na leo naleta habari ya gemu. Msinikimbie mkidhani nimehama kozi. Bado ni yule yule wa Ualimu, masomo ya kufundishia Historia na Kiswahili. Tulieni mtaona tunakoelekea.

Kisa chenyewe kiko hivi. Pale bwenini kwetu kila muhula tunakuwa na ligi ya gemu la mpira kwenye kompyuta. Aliyeianzisha ni rafiki yetu mmoja, sisi tunamwita Kocha. Mwaka huu Kocha hayupo. Alivunjika mguu vibaya, akaahirisha mwaka, sasa yuko nyumbani kwao Sumbawanga na vyuma mguuni. Ligi tukaiendesha bila yeye, lakini fainali ilipokaribia mwenzangu wa chumba akasema, "Jamani, huyu mtu ndiye mwenye ligi. Tumrushie laivu aione akiwa kitandani." Wote tukaafiki. Na kwa kuwa kompyuta yenye nafuu ni yangu, mimi nikateuliwa fundi mitambo bila kupigiwa kura.

Siku ya nusu fainali tukafanya jaribio. Nikapakua programu ya OBS, nikaweka picha ya 1920 kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde, maana nilitaka Kocha aone kila kitu kama tunavyoona sisi. Kasi ya kutuma nikaiacha ilivyokuja na programu, kilobiti 2,500 kwa sekunde. Kwenye skrini yangu picha inang'aa kama kioo. Mpira ukaanza. Dakika mbili hazijaisha, ujumbe wa Kocha ukaingia: "Oya, mpira uko wapi? Mimi naona mlenda tu."

Chumba kizima kikacheka, na mimi pia. Nikajifanya mjanja, nikasimamisha mechi, nikapandisha kasi hadi kilobiti 6,000. Sasa picha ikawa inaganda, inaruka, inaganda tena. Baada ya kama robo saa akaandika: "Poa wanangu, bando limekata. Mtaniambia matokeo." Hapo hakuna aliyecheka. Mtu katumia bando lake la wiki kuangalia mlenda.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na wiki moja kabla ya fainali, na kama mjuavyo, mwanafunzi wa Historia akishikwa na tatizo hatafuti dawa kwanza, anatafuta chanzo. Niliyoyakuta ndiyo nawaletea.

Tuanze na jambo lililonishangaza kuliko yote: zamani watu waliangalia gemu za wenzao zikiwa safi kabisa, bila chenga hata moja, wakati intaneti ilikuwa ya kupitia waya wa simu ya mezani. Iliwezekanaje? Hawakuwa wanatuma picha. Gemu la Doom lilitoka Desemba 1993, na ndani yake mchezaji aliweza kurekodi mchezo wake. Kilichorekodiwa ni maamuzi ya mchezaji tu: amesogea mbele, amegeuka, amefyatua. Maamuzi hayo yaliandikwa mara 35 kwa sekunde, kila mara baiti 4. Piga hesabu: baiti 140 kwa sekunde nzima. Ujumbe mmoja wa simu ndio ukubwa huo! Unamtumia mwenzio faili, kompyuta yake inalicheza gemu upya na kuchora picha yenyewe. Quake ya mwaka 1996 nayo ilirekodi matukio ya mchezo kuliko picha, na mwaka 2001 ukaja mfumo wa Half-Life TV, ambao uliwawezesha watu wengi kutazama mechi ya Counter-Strike ikiendelea, kila mmoja akichorewa picha na kompyuta yake mwenyewe.

Ni sawa na kucheza bao kwa barua. Huna haja ya kumtumia mwenzio picha ya ubao. Unamwandikia umeanzia shimo gani na umekwenda upande gani, naye anasogeza kete zake huko aliko. Kete zake ni safi kama zako, maana ni zake.

Sasa mbona tuliacha njia nzuri namna hiyo? Kwa sababu ilikuwa na sharti: mtazamaji lazima awe na gemu lile lile, na kompyuta ya kuliendesha. Kocha ana simu tu. Wakati huohuo, huko Korea Kusini watu walikuwa wanaangalia StarCraft kwenye runinga kama sisi tunavyoangalia Simba na Yanga. Chaneli ya OnGameNet ilianza mwaka 2000 na kazi yake ilikuwa gemu tu. Mtazamaji wa runinga hahitaji kumiliki gemu, kama mtu wa kibanda umiza asivyohitaji kumiliki uwanja. Kumbe watazamaji wengi walikuwa upande huo.

Intaneti nayo ikafuata. Machi 2007, kijana Justin Kan wa San Francisco alifunga kamera kwenye kofia yake akaanza kurusha maisha yake mchana na usiku kupitia tovuti ya Justin.tv. Kabla mwaka haujaisha tovuti ikafunguliwa kwa watu wengine. Watu wa gemu wakajaa, mpaka Juni 2011 wenye tovuti wakawatengea ukumbi wao, Twitch, na Agosti 2014 Amazon ikatangaza kuinunua kwa dola milioni 970. Mwaka 2012 Hugh Bailey, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Jim, alitoa OBS bure kwa yeyote, ndiyo hii niliyoipakua mimi. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye kompyuta akawa kituo cha runinga. Lakini angalieni tulichobadilishana: tuliacha kutuma maamuzi ya mchezaji, tukaanza kutuma picha. Na picha ni mzigo.

Mzigo kiasi gani? Hesabu hii nilifanya nyuma ya daftari la Saikolojia ya Elimu (msimwambie mwalimu). Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Zidisha kwa fremu 60, zidisha kwa biti 24 za rangi kwa kila pikseli. Unapata karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nimeiruhusu programu itume biti milioni mbili na nusu. Yaani nilitaka mzigo upungue mara 1,200 hivi halafu ufike bila mkwaruzo. Hata konda wa daladala hapakii namna hiyo.

Inakuwaje basi kitu chochote kinafika? Hapa anaingia mtu ambaye sikuwahi kumsikia, na nadhani nanyi hamjamsikia, ingawa kazi yake mnaitumia kila siku. Nasir Ahmed ni mzaliwa wa Bangalore, India, na miaka ya 1970 alikuwa akifundisha Kansas State University huko Marekani. Mwaka 1972 aliandika andiko kuomba fedha za kutafiti njia ya kubana picha. Akanyimwa. Ameeleza mwenyewe kwamba mmoja wa waliolipitia andiko aliona wazo lenyewe ni rahisi mno. (Wenzangu mliorudishiwa andiko la utafiti na msimamizi, jipeni moyo.) Akaendelea hivyo hivyo, na Januari 1974 akachapisha wazo lake pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao.

Kwa lugha ya darasani, wazo hilo lilivyotumika kubana picha ni hivi. Unaikata picha vipande vidogo vya mraba. Kila kipande unakieleza kama mchanganyiko wa mabadiliko ya taratibu, mfano anga linalofifia kutoka buluu kwenda nyeupe, na mabadiliko ya harakaharaka, mfano majani au nywele. Jicho la binadamu linajali sana yale ya taratibu na kusamehe yale madogomadogo. Kwa hiyo biti zikiwa haba, unatupa madogomadogo kwanza. Zikizidi kuwa haba unatupa zaidi, mpaka kipande kinabaki rangi moja tu ya wastani. Vipande elfu kadhaa vya kijani cha wastani vikikaa pamoja, hiyo ndiyo mlenda ya Kocha.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1988 na kanuni ya H.261, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za video. Hii ilitumia vipande vya pikseli 16 kwa 16, na badala ya kuchora kila fremu upya ilisema: kipande hiki ni kile kile cha fremu iliyopita, kimesogea kidogo kulia. Fikirieni simu ya video ya wakati ule. Mtu amekaa, anaongea, ukuta nyuma yake hautikisiki. Kinachobadilika ni mdomo. Kwa kazi hiyo njia ile inafaa sana. Kanuni ya H.264 ya mwaka 2003, ambayo mpaka leo inabeba sehemu kubwa ya matangazo ya laivu, imeboresha mambo mengi lakini ni mjukuu wa ukoo huo huo.

Sasa ulete gemu la mpira mbele ya ukoo uliozaliwa kwa ajili ya mtu anayeongea mbele ya ukuta. Nyasi zinatikisika, mvua inanyesha, mashabiki elfu kumi wanapunga mikono, kamera inakimbia, halafu goli likifungwa picha inakata ghafla kwenda marudio, hakuna kipande hata kimoja kilichobaki pale kilipokuwa. Na mpira wenyewe? Ni kidoti cheupe cha pikseli chache, kinachokwenda kasi. Ni kidogo na kina haraka: sifa zote mbili za kitu kinachotupwa kwanza. Kocha alipouliza mpira uko wapi, jibu la kweli ni kwamba mashine ilikuwa imeutupa ili itunze biti za nyasi.

Hadi hapo nikajiambia, basi dawa ni kuongeza biti. Ndicho nilichojaribu na 6,000 yangu, na ikaganda. Nilipopima intaneti ya simu yangu usiku, kupakua ilikuwa megabiti 20 na ushee, kupakia megabiti 3.6. Kumbe nilikuwa namimina ndoo kwenye chupa. Nikajiuliza, kwa nini kupokea kuwe rahisi hivyo na kutuma kuwe kugumu hivyo?

Nalo lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi Joseph Lechleider wa Bellcore, Marekani, alikuwa kwenye kazi ya kutafuta jinsi ya kupitisha data nyingi kwenye waya za shaba za simu za majumbani. Nyaya zikilala pamoja zinaingiliana. Akapendekeza kwamba njia ya kuja nyumbani ipewe nafasi kubwa na njia ya kutoka nyumbani ipewe ndogo, hapo mwingiliano unapungua. Ndiyo maana herufi ya kwanza ya ADSL inasimama kwa kutolingana. Wakati ule ilikuwa busara, maana kampuni za simu ziliota kuuza filamu kwa watu majumbani. Mtu wa nyumbani alifikiriwa kuwa mtazamaji. Nani angedhani kijana wa bwenini atataka kuwa mrushaji? Na mitandao ya simu za mkononi iliyofuata nayo kwa kawaida inatoa nafasi kubwa zaidi kwa kupokea kuliko kutuma.

Kwa upande wetu huku pwani ya Afrika Mashariki ongezeni jambo jingine. Mpaka katikati ya 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, ukifuatiwa na TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, kisha EASSy mwaka 2010. Ni mikongo hiyo iliyofanya mtu wa Dar au Mombasa aanze hata kuwaza kurusha video. Lakini tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa kusini, mnakumbuka intaneti ilivyokuwa. Na seva tuliyotumia kumrushia Kocha haikuwa nchini. Mechi ya chumba namba fulani ilitoka bwenini, ikavuka bahari, ikarudi mpaka Sumbawanga. Mtu mmoja angepanda basi tu.

Nilipowasimulia haya kwenye kikundi cha semina, mwenzetu mmoja akanikata. "Kaka, unazunguka bure. Tatizo ni umaskini. Tungekuwa na intaneti kama ya Korea, hizo chenga usingeziona." Hoja nzuri, na mwanzo nilitaka kukubali. Lakini nikaenda kuangalia Korea yenyewe. Septemba 2022 Twitch ilishusha ubora wa juu wa picha kwa watazamaji wa Korea Kusini kutoka 1080 hadi 720. Intaneti ya majumbani Korea ni miongoni mwa zenye kasi sana duniani, haikuwa imeharibika. Desemba 2023 mkuu wa Twitch, Dan Clancy, alieleza kwamba ada za mtandao huko ni mara 10 ya nchi nyingine nyingi, na tarehe 27 Februari 2024 wakafunga biashara nchini humo. Nchi iliyoweka gemu kwenye runinga kabla ya wengi wetu kuzaliwa ilionjeshwa chenga kwa sababu ya ankara.

Kwa hiyo simkatalii mwenzangu kabisa. Fedha imo, tena sana. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewahi kuwa na nafasi ya kutosha kutuma kila kitu. Bellcore hawakuwa nayo, Korea hawakuwa nayo. Tangu 1974 kila mtu katika historia hii alikuwa anajibu swali moja, nini kiachwe. Chenga zinakuja pale usipolijibu mwenyewe, maana mashine itakujibia, nayo haijui kwamba Kocha anatafuta mpira.

Sisi wa Ualimu swali hili tunalijua. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha nilipewa dakika 40 za Vita vya Majimaji kidato cha tatu. Siku ya kwanza nilitaka kusema yote: sababu zote, makabila yote, kila tarehe kuanzia 1905 hadi 1907. Kengele ilipolia wanafunzi walikuwa wananiangalia kama Kocha alivyoangalia simu yake. Niliwatumia kilobiti 2,500 za mlenda. Siku ya pili nilichagua mambo matatu nikayasema vizuri, na maswali yakaanza kuja.

Basi kwa ajili ya fainali nikakaa kuchagua. Kocha anatazama kwenye simu, kwa hiyo 1080 ya nini? Nikashusha hadi 960 kwa 540, fremu 30. Kasi nikaweka 1,500 isiyopandapanda wala kushuka, chini ya nusu ya uwezo wangu wa kutuma, ili mtandao ukiyumba kidogo isigande. Mnaona ajabu yake? Mwanzo kila biti ilikuwa inahudumia pikseli 50. Sasa inahudumia 10. Nimetuma biti chache zaidi, na kila pikseli imepata mgawo mara tano. Prosesa nayo ikapata nafuu, nikairuhusu itumie muda zaidi kubana kila fremu. Simu inayotoa intaneti nikaichomeka kwa waya badala ya Wi-Fi, maana pale bwenini Wi-Fi za watu zinagombana kama kunguru.

Halafu ndani ya gemu lenyewe: tukazima mvua, tukachagua mechi ya mchana, mashabiki tukawapunguza, na kamera tukaisogeza karibu kidogo ili mpira uwe mkubwa. Wachezaji wa fainali walinung'unika kwamba kamera ya karibu haiwapi nafasi ya kuona mawinga. Ubishi ukawa mkali. Mwishowe mmoja wao akasema, "Sawa, tucheze hivyo. Ligi ni ya Kocha." Wakacheza hivyo.

Kwa bando la Kocha, 2,500 ingemla karibu GB 1.2 kwa saa. Kwa 1,500, sauti ikiwemo, ilikuwa MB 730 hivi. Tulichanga tukamtumia bando.

Jumamosi saa mbili usiku tukaanza. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nilikuwa naangalia simu kuliko mechi. Dakika ya nne ikaingia: "Huyo beki wa kushoto nani kamfundisha kukaba hivyo? Toa huyo!" Chumba kililipuka utadhani goli limeingia. Namba za jezi hakuziona, alituambia baadaye, na nyuso za wachezaji zilikuwa kama za sabuni iliyotumika. Lakini mpira aliuona mpaka penalti ya mwisho, na alibishana nasi kuhusu ofsaidi moja hadi saa sita usiku.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Mwenye rafiki au ndugu wa mbali anayetaka kumrushia gemu, au hata harusi, aanze kwa kumuuliza anataka kuona nini. Namba atazipata baadaye. Kocha anarudi muhula ujao, daktari akimruhusu. Kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja. Niombeeni.